Nilialikwa Pilau, Nikapewa Plau

Mwaka wangu wa pili wa ualimu pale Samuye, jirani yangu alinialika pilau. Hivyo ndivyo nilivyosikia mimi, na sikio la mwenye njaa husikia linachotaka.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, mzaliwa wa Nyasubi pale Kahama. Mama aliuza vitambaa, na baba alikuja bara na biashara kutoka pwani, akanasa. Kwetu Ijumaa ilikuwa ya wali, viatu tulivaa hata tukienda kuchota maji, na kilimo tulikijua kama tulivyoijua bahari, yaani kwa kusimuliwa. Halafu nikapangiwa kufundisha darasa la pili huko vijijini Shinyanga, ambako watoto walikuja shuleni na Kisukuma chao chote na Kiswahili cha kubahatisha.

Nyumba ya walimu niliishi na mwalimu mwenzangu, msichana wa Tanga, aliyependa mpira kuliko wanaume wote wa shule ile wakijumlishwa. Alikuwa na redio ya betri, aliyoifunika kitambaa cha kufuma kama mgonjwa asipatwe na baridi. Mchana tukishatoka darasani, siku yetu ilikuwa imekwisha. Redio ikafuata, kisha karata, kisha hadithi za mapenzi zilizopoteza kurasa za mwisho, kisha umbea juu ya mwalimu mkuu. Jumamosi lori la kubeba pamba lilitupakia hadi Shinyanga mjini. Tuliangalia filamu ya Kihindi, tukalia kwa maneno tusiyoyaelewa, tukarudi na vumbi kwenye kope.

Sikuwa na shida yoyote, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Kila jioni nilijisikia kama mtu aliyemaliza sinia zima la bisi: mdomo umechoka kutafuna na tumbo halina habari. Niliwahi kumwambia mwenzangu. Akanitazama kwa huruma.

"Umekosa mchumba tu," akasema, akagawa karata.

Jirani yetu alikuwa mama mjane, mnene kiasi, mwenye mwanya na hasira za karibu. Wanawe wawili, watu wazima, walikuwa wamekwenda Geita kutafuta dhahabu, wakamwachia boma, kuku na ahadi. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na Kisukuma changu hakikuwapo kabisa. Tulielewana kwa kucheka, maana yeye alicheka kwa kila jambo, hata lisilochekesha. Jioni moja, mvua za kwanza zimekwisha kupiga, akaja hadi kwenye ua wetu.

"Mwalimu, kesho njoo kwangu mapema. Pulau."

"Pilau?"

"Eee, pulau! Ng'ombe wapo, wawili. Wanene! Mtu wa kushika ndiyo hakuna."

Nikapiga hesabu zangu haraka. Vijana wamerudi na dhahabu. Wamechinja ng'ombe wawili. Sasa hapana mtu anayejua kushika mwiko wa pilau, ndipo akakumbukwa binti wa mjini. Kesho yake haikuwa siku ya shule. Mwenzangu akanipa bakuli lenye mfuniko.

"Usiniletee ukoko," akaniagiza.

Asubuhi nikavaa doti yangu mpya ya kanga, nikapaka wanja, nikaenda na bakuli kwapani. Sikuona moshi. Sikusikia harufu ya bizari. Nilimkuta jirani amesimama shambani, amevaa kaptula ya khaki ya mwanawe na kanga juu yake. Mbele yake walisimama maksai wawili, wazima kabisa, wamefungwa nira, wanacheua. Nyuma yao kulikuwa na lile dude la chuma la kulimia ambalo nilikuwa nikiliona barabarani tu likiburutwa.

"Mwangaluka, mwalimu!" akanisalimu. "Pulau hii hapa."

Nikaitazama plau. Nikalitazama bakuli. Nilipofanikiwa kumweleza, nusu kwa maneno na nusu kwa kuonyesha mdomo na tumbo, alikaa chini kwenye udongo akacheka mpaka maksai wakageuza shingo kumwangalia.

Alipopata pumzi akanieleza. Vijana hawakuwa wamerudi. Shemeji zake waliahidi kuja kumlimia wakishamaliza mashamba yao, naye aliwajua vizuri: wangemaliza siku mvua zitakapomaliza. Pale kijijini maksai ilikuwa kazi ya wanaume, na mwanamke kushika plau lilikuwa jambo la kusemwa kisimani. Yeye aliamua kusemwa. Alikuwa amejifunza msimu uliopita, tena kwa kuangalia wengine, na kwa kweli hakunizidi sana. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakuona aibu. Lakini mmoja lazima atangulie mbele ya ng'ombe na mwingine ashike nyuma, na yeye hakuweza kujigawa.

Kwa adabu nikasema nitajaribu kidogo, halafu niende zangu. Nikaweka bakuli kwenye tuta, nikashika mikono ya plau.

"Haya, twendeni," nikawaambia maksai.

Hawakutikisika.

"Twendeni jamani, tafadhali."

Yule wa kushoto akakojoa, bila haraka, huku akinitazama.

"Mwalimu," jirani akasema, "hao hawajasoma."

Akatamka neno moja la Kisukuma. Wakaondoka kama waliomwona mtoza kodi. Plau iliruka, ikalala ubavu, nami nikalala nayo. Niliinuka na kanga mpya yenye rangi ya Samuye na kiwiko kilichochubuka. Tukajaribu tena, nikaanguka upande wa pili, ili nisionekane nina ubaguzi. Kufika jua la utosini tulikuwa tumechora ardhini kitu kama njia ya mlevi anayemkwepa mdai wake.

Nyumbani mwenzangu alinipokea mlangoni, akafunua bakuli. Lilikuwa na udongo.

"Hii nayo ni pilau ya wapi?" akauliza.

Usiku ule nililala kama gogo. Kesho yake darasani nilifundisha hesabu za kutoa huku viganja vinawaka moto, na jambo la ajabu ni kwamba nilikuwa nikivifumba makusudi nivisikie vinavyouma, kama mtoto anavyolichezea jino linalolegea. Kengele ya mwisho ilipolia, miguu yangu haikwenda nyumbani.

Nilikuwa na kisingizio kizuri. Ilikwisha kutoka amri kwamba kila mtumishi awe na shamba lake la chakula, na mwalimu mkuu alikuwa ametugawia ekari moja moja nyuma ya shule. Walimu wenzangu wote walitafuta watu wa kuwalimia. Mimi nikapatana na jirani: nitamsaidia kwake, kisha maksai watakuja kwangu. Hiyo ndiyo sababu niliyoitoa ofisini. Sababu yenyewe ni kwamba dude lile la chuma lilikuwa limenishinda, na nilipofikiri vizuri, niliona kuwa ilikuwa muda mrefu tangu kitu chochote kinishinde. Karata hazikuwahi kunishinda. Nikipoteza, nilikuwa nagawiwa nyingine.

Basi ikawa kila mchana. Mwenzangu alihamishia kiti chake barazani, mahali shamba linapoonekana lote, akazima redio kuokoa betri, akaanza kututangaza mwenyewe kwa ile sauti ya watangazaji wa mpira.

"Mwalimu na mpira... anakwenda, anakwenda... maksai wa kushoto anamnyang'anya! Lo! Mwalimu yuko chini! Mwamuzi anasema endelea!"

Walimu wengine wakaanza kuja na viti vyao. Mwalimu mkuu alikuja mara moja kuwakemea, akakaa mpaka mwisho.

Kisukuma changu kilikua haraka, lakini kilikuwa Kisukuma cha ng'ombe. Siku moja mzee mmoja wa kamati ya shule alifika nyumbani kwetu, akasita mlangoni kwa heshima zake. Nami, kwa furaha ya kuonyesha kwamba najifunza lugha ya wenyeji, nikamwambia kwa sauti tamu lile neno la kuwaondoa maksai. Niliamini lina maana ya "karibu, pita mbele." Mzee alinitazama. Kisha akapita mbele, upesi sana, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona. Baadaye alimwambia mwalimu mkuu kwamba yule binti wa Kahama ana tabia nzuri, ila ana haraka. Jirani aliponitafsiria neno lenyewe, tena kwa kulilainisha, likawa "ondoa hayo makalio yako hapo." Tangu siku ile mzee yule aliponiona njiani alinisalimu yeye kwanza, kutoka mbali, akiwa hajaacha kutembea.

Halafu kulikuwa na lambo. Maksai wale walikuwa na tabia moja: kila tulipofika mwisho wa shamba upande wa chini, walisikia harufu ya maji ya lambo la kijiji, wakasimama kutafakari. Mchana mmoja wa joto walimaliza kutafakari. Jirani aliruka pembeni akiniambia niachie. Mimi nikasikia nishikilie, maana ndivyo alivyokuwa akiniambia tangu siku ya kwanza. Tukapita kwenye kichaka, tukapita katikati ya mbuzi wa watu, tukaingia lambo wote watatu mpaka kifuani. Ng'ombe wakanywa. Mimi nilisimama majini nimeshika plau kwa mikono miwili, kanga inaelea mbele yangu.

Wanawake waliokuwa wakichota maji waliweka ndoo zao chini. Kisha mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, leo unalima samaki?"

Nilitegemea kuona aibu. Niliingoja, haikuja. Nilikuwa nikifikiria kitu kimoja tu, kwamba nilipoburutwa vile niliona jinsi plau inavyokaa mkono ukiinua kidogo badala ya kukandamiza. Wiki zote zile nilikuwa nikiikandamiza kwa nguvu zangu zote, nayo ikiniruka. Niliwageuza maksai palepale, nikitiririka maji, nikarudi nao juu kwenda kujaribu.

Jumamosi moja baada ya hapo lori la mjini lilipiga honi barabarani. Mwenzangu alikuwa amekwisha kupanda, amefunga kitambaa kichwani.

"Njoo basi! Leo ni ile ya mapacha waliopotezana!"

"Tangulieni! Nimalize huu mstari!"

Nilisema hivyo kama mtu anayesema nimalizie chai. Lori likangoja, likapiga honi tena, likaondoka. Nilikuja kugundua limeondoka baadaye sana, vumbi lilipokuwa limekwisha kutua. Na katika mstari ule, sijui ni wapi hasa, plau iliacha kelele. Ilikuwa ikigonga na kulia tangu siku ya kwanza. Sasa ikanyamaza, ikazama, udongo ukaanza kupinduka upande wangu wa kulia kwa mlio kama wa kitambaa kizuri kinapochanwa dukani kwa mama. Maksai walitembea. Mimi nilitembea nyuma yao. Jirani mbele hakugeuka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakucheka. Tulifika mwisho, tukasimama, tukageuka kutazama. Haukuwa mstari ulionyooka, nisidanganye. Lakini ulikuwa umetoka mwanzo ukafika mwisho, na hakuna aliyeanguka.

"Wabeja," jirani akasema, yaani asante. Alikuwa anamwambia nani, mimi au ng'ombe, sikuuliza.

Nilikaa chini nikashindwa kusimama kwa uchovu. Mgongo uliniuma, na lile tumbo langu la bisi lilikuwa limejaa, hata kama sikuwa nimekula tangu asubuhi. Jioni mwenzangu alirudi, akaniambia mapacha wamekutana mwishoni. Nikamwambia plau imenyamaza. Kila mmoja wetu aliona habari ya mwenzake ni ndogo.

Habari za mambo haya zilifika Nyasubi kabla hata sijaandika barua. Jumapili moja nikiwa shambani kwangu nyuma ya shule, nilimwona mama anakuja kutoka kwenye basi, buibui lake jeusi limeshika vumbi hadi kiunoni, kikapu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, mama."

"Basi kwa nini mwanangu amefungwa pamoja na ng'ombe?"

"Sijafungwa. Nimeshika."

"Serikali haikulipi?"

"Inanilipa."

"Wenzako nao wanalima hivi?"

"Wenzangu wamewapa watu."

Mama akalitazama shamba zima, kisha barazani walikokaa walimu, kisha kaptula ya kuazimwa kwa jirani iliyochungulia chini ya kanga yangu. Nilijiandaa kuambiwa nifunge mizigo. Jirani akaja na salamu zake, "Mwangaluka mayu," na mama akajibu "salama" kwa kutumia pua. Lakini macho yake yalikuwa yamekwama mahali pengine. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kukata vitambaa.

"Huu mstari," akasema, akinyoosha kidole, "ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kule mwisho."

"Ukapotea njia?"

Akaweka kikapu chini, akakunja buibui, akaanza kunifuata nyuma, akikosoa. Punguza kushoto. Usivute. Unaona sasa? Sikuwahi kukosolewa hivyo hata chuoni. Tulipofika kwenye kona, ambako napo harufu ya lambo ilifika, maksai wakasimama kama kawaida yao, pua zao zimeelekea lambo. Niliwaambia maneno yote ya Kisukuma niliyokuwa nayo, pamoja na yale ya mzee wa kamati. Jirani aliwaongezea yake. Hawakusogea.

"Hebu ondokeni hapo!" mama akasema nyuma yangu. Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ileile iliyotutoa kitandani utotoni.

Maksai wakaondoka.

Jirani alimkodolea mama macho. "Mwalimu," akaninong'oneza, "mama yako ni Msukuma?"

Mama, aliyekuja kunichukua, alikaa mpaka ekari ikaisha. Aliwekewa kigoda kwenye ile kona ya lambo, akakalia pale na tasbihi yake, na maksai walipita mbele yake vichwa chini kama wanafunzi waliochelewa. Yeye na jirani hawakuwa na lugha ya kuelewana, lakini waligombana vizuri sana, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kisukuma, juu ya namna ya kupika mlenda. Siku ya kuondoka, tukingoja basi, mama alichukua mikono yangu akaigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye sugu za viganja, taratibu, kama anavyopima kitambaa kipya kilicholetwa dukani.

"Hiki kitadumu," akasema. Akapanda basi.

Mavuno yenyewe hayakuwa ya kujisifia. Mtama waliula ndege, licha ya kupiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Mahindi yalitoka, kwa mistari iliyokwenda kama mazungumzo ya walevi. Walimu waliolimiwa na watu walipata zaidi yangu, na mashamba yao yalipendeza kuangalia. Nilisaga mahindi yangu ya kwanza, nikapika ugali, nikamkaribisha mwenzangu, nikamtazama anavyotafuna.

"Unaonaje?"

"Ni ugali," akasema.

Alisema kweli. Ladha ilikuwa ileile ya unga wa dukani. Nilikula sahani mbili.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, mmoja wa wale vijana wa jirani alirudi kutoka Geita. Hakuwa na dhahabu. Alikuwa na saa ya mkononi iliyosimama, miwani ya jua, na maneno mengi ya wachimbaji ambayo mama yake alimkataza kuyasema ndani ya boma. Lakini alikuwa kijana mwema, na mkono wake kwenye plau ulikuwa wa hakika. Akalima shamba lote la mama yake na ekari yangu juu, mistari imenyooka kama daftari. Akanikataza katakata nisiguse kitu.

"Pumzika, mwalimu," akaniambia. "Umeteseka vya kutosha."

Nikapumzika. Nilikaa barazani, nikashika karata, nikasikiliza mpira, na kila mara kijana akifika kwenye kona ya lambo nilikuwa nikisimama kutazama kama atashindwa. Hakushindwa hata mara moja. Nilimwonea wivu mpaka nikajiona mjinga.

Ndipo nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba kile kipande cha chini cha ardhi ya shule, mbuga ya udongo mweusi unaonata, ambao mvua ikinyesha unakuvua kiatu na jua likiwaka unapasuka ukaweza kuingiza mguu. Nilisema nataka kutengeneza majaruba, vishamba vya kuzungushiwa matuta yashike maji, nipande mpunga.

"Pale pamewashinda wanaume wenye nguvu zao," mwalimu mkuu akasema.

"Nimesikia."

"Hutapata kitu."

"Labda."

Akakuna kichwa, akaniambia nichukue, na kama kuna siku nitaanza aarifiwe ili alete kiti.

Nilimkuta jirani amekaa nje ya boma lake, mikono imelala mapajani. Nilimwambia habari za mbuga. 

"Kijana ameniambia nipumzike," akasema kwa sauti ya mtu aliyetukanwa mbele za watu. Akaingia ndani, akatoka na majembe mawili ya mkono na ile kaptula ya khaki.

Tulianza siku ileile. Udongo ulikuwa mzito kuliko nilivyoambiwa. Kila pigo la jembe liliondoka na bonge la kuning'inia, na bonge lilihitaji mkono kulitoa. Tuta la jaruba la kwanza lilituchukua jioni nyingi. Mvua kubwa ilipolijaza maji likakaa, likakaa, sisi tumelisimamia kama wakunga. Kisha likavimba upande mmoja, likabomoka, na maji yote yakateremka kwa furaha kwenye karanga za mwalimu mkuu zilizopandwa chini yake. Tulikaa kwenye tope tukayatazama yakienda. Jirani akaanza kucheka, nami nikashikwa na kicheko chake, na tulipochoka kucheka akajifuta uso kwa mkono wenye matope, akainuka, akauliza tuanzie upande gani.